Siku Nilipokalia Injini

Gari la marehemu mume wangu lilikaa bandani kwa miaka mingi na hakuna aliyelitukuza. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Mbuzi walilala chini yake mvua ikinyesha. Wajukuu walipanda juu yake kuchuma maparachichi. Lilikuwa "lile gari", basi, kama mtu anavyosema lile jiwe. Halafu mwanangu wa mwisho, yule anayefanya kazi ofisini na kukaa mjini Themi, akaja Jumapili moja baada ya ibada, akalizunguka mikono ikiwa nyuma, akalipiga picha kila upande, kisha akaniambia kwa sauti ya mtu aliyetokewa na malaika:

"Mama, unajua hii ni klasiki?"

"Najua ni pikapu," nikamwambia. "Toa kwanza mayai."

Akanionyesha kwenye simu klasiki nyingine, magari ya zamani yanayothaminiwa, yamepakwa rangi, yanang'aa, yanafanana na letu kama mimi ninavyofanana na bibi harusi. Kwenye video moja Mzungu amevaa aproni anaongea na pistoni kama anayembembeleza mtoto alale. Mwanangu alikuwa ameangalia video hizo mpaka akajiona fundi. Siku hizi ndivyo ufundi unavyopatikana. Zamani mtu alikaa chini ya gari miaka, akitukanwa na fundi wake na kudondoshewa oili usoni. Sasa anakaa kwenye kochi anapepewa na feni, akiinuka hapo amehitimu.

Mimi sikuwa na haja ya klasiki. Nilikuwa na haja ya gari. Nina kipande cha shamba kule karibu na Momela, mahindi na maharage, na tangu mume wangu afariki nimekuwa nikienda kwa bodaboda. Vijana wa bodaboda wana adabu sana. Wananiamkia, shikamoo bibi, wananipandisha taratibu, wananifunika kanga magotini, halafu tukifika kwenye mawe wananirusha kama gunia la mbolea. Magoti yangu yamesema yametosheka. Na katika lile gari kuna kiti cha kushoto kilichobonyea kwa umbo langu, maana hapo ndipo nilipokaa miaka yote, debe la mbegu miguuni, mume wangu akiendesha bila kusema neno mpaka tufike. Nilikitaka kiti changu. Sikutaka kingine.

Lakini ukishaolewa kwenye ukoo, kitu chako ni kile ambacho ukoo haujakikumbuka. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ndiye mkuu wa boma. Ni mzee mrefu, msafi, koti halimtoki hata jua likiwa utosini, na tangu niolewe sijawahi kusikia mtu akimwambia hapana. Si kwamba ni mkali. Hajawahi kupata sababu ya kuwa mkali, maana kila analosema watu wanaitikia. Huyo akaitisha kikao, akasema gari lijaribiwe mara moja tu. Injini ikipona, libaki. Isipopona, liende kwa wanunuzi wa chuma chakavu na banda lisafishwe, maana limekuwa hoteli ya panya na linaaibisha boma. Wote wakasema sawa sawa. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji. Hakuna aliyeniuliza, na uji waliunywa wote.

Kisha, kama ilivyo desturi yetu, ikaundwa kamati.

Mnielewe vizuri. Kwetu mtoto akibatizwa kuna kamati. Akipata kipaimara, kamati. Akiposwa, akiagwa, akiolewa, kamati. Mtu akifa kamati inakaa kabla miguu yake haijapoa. Kwa hiyo injini nayo ikapata kamati yake. Shemeji akawa mwenyekiti bila kupigiwa kura. Mwanangu akawa katibu, kwa kuwa ana simu kubwa. Mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa, kiongozi wa kwaya, akawa mjumbe, kwa sababu aliwahi kutengeneza jenereta ya kanisa na ikawaka vizuri mpaka katikati ya mahubiri. Likafunguliwa grupu kwenye simu, likaitwa Kamati ya Injini, likaanza kwa sala. Mimi nilipewa idara ya chai.

Wakaifungua injini. Hilo walilifanya vizuri, sina ubishi. Sijaona bado mwanamume aliyeshindwa kubomoa. Uwanja wangu ukajaa vyuma juu ya magunia, na katikati yake bloku, lile dude kubwa zito lenye matundu manne ambamo pistoni zinapanda na kushuka. Mwanangu akalipeleka Kisongo, kule tambarare, kwa mchongaji, mtu mwenye mashine ya kuchonga silinda, likaangaliwe. Akarudi nalo, maana baba yake mkubwa alikuwa amemkataza kuliacha kwa mtu, na akarudi pia na maneno mafupi. Silinda, yaani yale matundu, zimelika. Zilishachongwa huko nyuma, ukuta wa chuma umebaki mwembamba, na zinaweza kuchongwa mara hii tu, kwa pistoni za saizi ya mwisho kabisa. Baada ya hapo hakuna pistoni kubwa zaidi inayouzwa, wala hakuna chuma cha kuchonga.

"Amesema tukipata pistoni tumpelekee pamoja na bloku, atapima mwenyewe," mwanangu akasema.

"Atapima mwenyewe?" shemeji akauliza.

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Apime yeye, achonge yeye, na kujisifu ajisifu yeye?"

Kamati ikacheka vizuri, kama kamati inavyotakiwa kucheka mwenyekiti akisema jambo. Ikaazimiwa kwamba tutakwenda Kisongo na kipimo chetu mkononi, tusije tukachezewa na watu wa tambarare.

Pistoni zikaja kwa basi, mpya, kila moja imepakwa grisi nzito na kuviringishwa karatasi. Ukizifunua unaona vikombe vizuri vya kunywea chai, ila vina tundu ubavuni, pale inapopita pini ya kuzishika. Mkwe wangu akaazima maikrometa mahali. Ni chuma kilichopinda kama kiatu cha farasi, kina skrubu. Unabana kitu katikati yake, halafu unasoma kwenye mistari midogo ambayo Mungu aliitengeneza akiwa amekusudia vijana peke yao waione.

Ilikuwa asubuhi ya msimu wa baridi. Mlima Meru wenyewe ulikuwa umejifunika ukungu hauna habari na mtu. Huku juu tunakoishi, wakati huo wa mwaka hakuna anayenawa uso kwa maji baridi. Vyombo tunaosha kwa maji ya moto, nguo kwa maji ya moto, na mgeni akifika anapewa maji ya moto anawe mikono kabla ya kuulizwa habari za nyumbani. Kwa hiyo shemeji alipoziona zile pistoni na grisi yake, akasema jambo ambalo mtu yeyote wa kwetu angelisema.

"Ziogeshwe kwanza."

Wakachukua sufuria yangu ya kupikia loshoro, ile ya mahindi na maziwa ya mgando. Hawakuomba. Wakaijaza maji, wakaipandisha jikoni kwangu mpaka ikachemka, wakatumbukiza pistoni na sabuni ya unga, wakazikoroga kwa mwiko wangu. Kila mmoja akichungulia kama anasubiri nyama iive.

Kwa kuwa ndiye mkubwa, shemeji alipima wa kwanza. Mkwe wangu akaiopoa pistoni kwa mwiko, akampa imefungwa kwenye taulo, inatoa mvuke kama kiazi. Shemeji akapuliza vidole, akaibana kwenye maikrometa sehemu ya chini, akavaa miwani, akasoma, akavua miwani, akasema:

"Andika."

Katibu akaandika kwenye simu. Halafu yeye mwenyewe akaichukua ile ile, ilipopoa kiasi cha kushikika, akaipima juu kichwani. Mkwe wangu naye akaipima chini, lakini upande wenye tundu la pini. Wakatazamana.

"Baba mkubwa, mimi nimepata pungufu."

"Umepima vibaya."

"Na mimi mzee nimepata pungufu," mkwe wangu akasema kwa ile sauti yake ya kuanzisha wimbo, "ila si pungufu kama yake."

"Na wewe umepima vibaya, ila si vibaya kama yeye."

Mahali pengine duniani, nasikia, watu wakipata vipimo vitatu vya kitu kimoja wanapima tena. Sisi ni watu wa heshima. Mjumbe akapendekeza kwamba, kwa kuwa kuna tofauti za kimtazamo, tuiombe busara ya mwenyekiti. Busara ya mwenyekiti ikatafakari, ikaona kwamba mwenyekiti amepima sawa. Ikapitishwa kwa kauli moja. Katibu akakituma kipimo kwenye grupu, na ndugu walioko Dar es Salaam, ambao hawajaliona gari hilo tangu wakiwa na meno ya utotoni, wakaweka vidole gumba. Wakafunga kwa sala.

Kama mnauliza mimi nilijua kuna kosa, sikujua kitu. Nasema mapema asije mtu akanifanya nabii. Nilikuwa nahangaika na mwiko wangu, ambao ulikuwa unanuka grisi, na mpaka leo unanuka.

Siku hiyo hiyo wakapakia bloku kwenye pikapu ya jirani, nyuma, na pistoni zikawekwa pembeni yake ndani ya mfuko mweusi wa plastiki. Nikatoka na kitenge changu kizuri.

"Mama unakwenda wapi?" mwanangu akauliza.

"Kununua mwiko."

"Lakini sisi tunapitiliza mpaka Kisongo. Karakana si mahali pa mama mtu mzima."

"Basi nitaununua Kisongo."

Tukateremka, tukavuka jiji na foleni zake, tukatokea upande wa pili ambako ukungu wetu hawajawahi kuusikia. Kisongo jua likitoka halikumbuki kwamba ni msimu wa baridi. Vumbi, miiba, na karakana ya bati pembeni ya zizi, ng'ombe wamelala kwenye kivuli cha ukuta. Mchongaji alikuwa Mwarusha wa makamo, ovaroli imekatika mkono mmoja, sandali za tairi, na kiburi cha kuwatosha watu wawili na kubaki.

"Shikamoo mzee. Shikamoo bibi."

"Marahaba," tukasema.

Bloku likashushwa, likawekwa kwenye sakafu ya saruji. Mchongaji akajifuta mikono.

"Pistoni ziko wapi?"

"Zipo," shemeji akasema, "lakini usijisumbue. Kipimo tunacho. Katibu, msomee."

Mwanangu akasoma kwenye simu. Mchongaji akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nani kapima?"

"Kamati," shemeji akajibu.

"Kamati."

"Kamati. Kwa kauli moja."

"Na pistoni yenyewe ilipiga kura?"

Mkwe wangu akakohoa. Mimi nikaangalia ng'ombe, maana ningewaangalia wao ningecheka, na shemeji hachekwi.

Mchongaji akafungua ule mfuko mweusi, akatoa pistoni moja, akaihamisha mkono huu na ule. Jua lilikuwa limeipika njia nzima.

"Hizi mmezikaanga?"

Akazipanga zote kwenye saruji, kivulini, karibu na bloku. Akasema pistoni si chuma kama bloku, ni aluminiamu, nayo ikipata joto inanenepa upesi. Zikae hapo mpaka zipate ubaridi mmoja na bloku, ndipo atapima, na ndipo atachonga, kila silinda kwa pistoni yake. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Asubuhi mlipozipima zilikuwa baridi?"

Katibu akamwangalia mjumbe, mjumbe akaangalia mabati. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kutamka maneno "maji ya moto", maana kuyatamka ni kusema mwenyekiti amekosea, na hilo halina wimbo wala sala.

"Zilikuwa zinatoa mvuke," nikasema. "Kwenye sufuria yangu."

Shemeji akageuka polepole. "Shemeji, unasema nimekosea?"

"Nasema zilikuwa zinatoa mvuke."

Mchongaji hakungoja. Akang'oa unywele mmoja kidevuni kwake, akauinua mbele ya macho ya mzee. "Mzee wangu, nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na ukuta wa silinda ni ndogo kuliko unene wa huu. Kama kipimo chenu kimezidi unywele mmoja tu, pistoni itacheza humo ndani, itakula oili, itagonga mpaka mkeo atafikiri kuna mgeni mlangoni. Na chuma nikishakikata siwezi kukirudisha. Hamna saizi nyingine mbele."

Shemeji akafunga kifungo cha koti. Nilimjua. Akifunga kile kifungo, mambo yamekwisha.

"Vijana, pakieni. Mjini iko karakana inachonga kwa kipimo unachowapa. Hawaulizi maswali."

Na kweli ipo. Mimi nawaogopa sana watu wasiouliza maswali, lakini kwa shemeji hiyo ilikuwa sifa. Mwanangu akavua saa akaitia mfukoni. Mkwe wangu akakunja mikono ya shati. Wakainama kulishika bloku, huyu upande huu, huyu upande huu, na mimi nikaliona gari langu linakwenda kwenye chuma chakavu kwa adabu kubwa, na kiti changu ndani yake, kwa sababu tu hakuna mwanamume mmoja katika ukoo mzima anayeweza kumwambia mzee, "Tupime tena."

Nikatandika kitenge juu ya bloku, nikakaa.

Kwa wasiozijua desturi zetu, nieleze. Kwetu mwanamume hamgusi mke wa mdogo wake. Hamshiki mkono, hamvuti, hampiti mlangoni kwa karibu. Mkwe naye hathubutu kumgusa mama mkwe, hata akimwona anateleza atapiga kelele aje mwanamke. Na mwanangu, yeye nilimwangalia tu. Kwa hiyo pale walikuwepo wanaume watatu wazima wenye nguvu zao, na katika wote hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuninyanyua.

"Shemeji, inuka."

"Magoti yananiuma. Nitainuka zikipoa."

"Zikipoa nini?"

"Zile pale." Nikazionyesha kwa kidevu.

Mwanangu akainama sikioni kwangu. "Mama, tafadhali. Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Si uliniambia hii ni klasiki?"

Mchongaji akatoka nje haraka, akasema anakwenda kuangalia ndama. Ndama gani, sijui. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Mkewe akaleta chai, akanipa mimi wa kwanza, akaziba mdomo kwa kanga akakimbia. Shemeji akaletewa stuli. Akakaa. Angefanya nini? Kuondoka bila bloku asingeweza, kunigusa asingeweza, na kunigombeza mbele ya mtu wa Kisongo kungekuwa kukubali kwamba kuna ugomvi. Akanywa chai. Niseme pia kwamba bloku la injini si kochi. Lina kingo, lina boliti, na lina matundu yaliyowekwa mahali pabaya. Lakini nilikaa kama nimekaa kanisani.

Muda ukaenda. Kivuli cha ukuta kikahama, ng'ombe wakahama nacho. Nikamwona shemeji amenyoosha mguu kama anayetaka kuondoa ganzi, akainama, akaigusa pistoni moja kwa kidole. Akakirudisha kidole. Baadaye akaigusa tena. Mwisho akamnyooshea mkono mchongaji, aliyekuwa amesharudi, bila kumwangalia.

"Lete hicho kimaikrometa chako."

Akapima mwenyewe. Pale pale alipopima asubuhi, chini, upande wa mbali na tundu la pini. Akasoma. Akavua miwani, akaipangusa kwenye koti, akasoma tena. Sisi wote tulikuwa tumeacha kupumua, na mimi kwa sababu zaidi ya moja, maana boliti ilikuwa imenipata.

"Maikrometa yenu ya Kisongo inasoma chini," akasema.

"Tumia yenu, mzee," mchongaji akajibu.

Akatumia yetu. Akakaa nayo muda mrefu, ameigeuzia kwenye mwanga.

"Zimesinyaa," akasema. "Zimesinyaa njiani."

Mchongaji alikuwa na ulimi, tulishauona. Nikajua sasa atauchomoa. Lakini akamwangalia yule mzee na koti lake lililofungwa, akasema taratibu, "Ndiyo, mzee. Zimesinyaa."

"Basi chonga kwa hicho cha sasa. Kamati inabadilisha azimio."

"Tunaafiki," mkwe wangu akasema upesi, kabla azimio halijabadilika tena.

Nikainuka. Kwa shida, na bila msaada, kwa sababu ile ile.

Hasira za mchongaji zikawaangukia wale wawili, katibu na mjumbe, waliposema wao walipima wapi. Akawaonyesha kwamba pistoni kichwani ni nyembamba makusudi, maana huko ndiko moto unakopiga, ikinenepa ipate nafasi. Akawaonyesha pia kwamba si duara kamili, imebanwa kidogo upande wa pini, kama yai. Kwa hiyo inapimwa chini, upande ule alipopima mzee. Shemeji akasikia hilo akanyooka. Mahali alipata sawa, akasema, tangu mwanzo alipata sawa.

"Kwenye video hawakusema hivyo," mwanangu akanung'unika.

"Walisema. Uliruka maelezo pamoja na matangazo."

Mchongaji akagonga namba kwenye kila pistoni, kila moja na silinda yake, akatuambia turudi kazi ikiisha. Tuliporudi, kuta za silinda zilikuwa safi, zina michirizi midogo ya msalaba kama kitambaa kipya. Akapaka oili, akaingiza pistoni bila ringi zake, zile pete za kuibana, akaziba upande wa chini kwa kiganja. Ikashuka polepole, imetulia, kama mtu mzima anayekaa kitini. Shemeji akaomba naye ajaribu. Akajaribu, akajaribu tena, tukamwacha ajaribu, maana ni mara chache kumwona mzee yule akicheza.

Siku ya kuiwasha nilikuwa jikoni namenya ndizi. Niliisikia ikikohoa, ikizima, ikikohoa, kamati ikibishana, halafu ikashika. Moshi ukajaa uwanjani kisha ukaisha. Baada ya hapo ikabaki ile sauti tu, haigongi, haipigi kelele, ile ile iliyokuwa ikiniambia niweke maji motoni, mume wangu yuko kwenye kona ya chini anapandisha. Nikajikuta nimesimama na kisu mkononi na ndizi imeanza kuwa nyeusi. Moshi ule uliniumiza macho sana.

Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, nikamsikia shemeji akiwaeleza wazee wenzake. "Siri ya pistoni," akasema, "ni kuziacha zipoe. Vijana hawana subira. Mimi nilikaa chini kwenye stuli, nikasema hatuondoki." Wazee wakatikisa vichwa kwa mshangao. Kamati ilikuwa imesimama pale pale, na ikaitikia.

Msimu wa kupanda ulipofika tukatoka kwenda Momela. Mwanangu kwenye usukani. Shemeji naye alikuja, amevaa koti, anataka kuona kazi yake inavyopanda mlima. Akafungua mlango wa kushoto.

"Shemeji," akasema, "unajua mgongo wangu siku hizi. Ningeomba nikae mbele."

Mimi nilikuwa nimeshakaa. Debe la mbegu miguuni, kitenge kimetandikwa, kiti kimenipokea pale pale kilipokuwa kikinipokea. Nikamwangalia. Akanitazama nilivyokaa, na nadhani alikumbuka saruji ya Kisongo na ile chai ndefu. Akaufunga mlango polepole, akapanda nyuma akakae na mkwe wangu na majembe.

Mwanangu alianza kuongea kabla hatujatoka getini. Klasiki hivi, klasiki vile, mtu wa Themi amesema atalikodi kwa harusi. Nikamwambia anyamaze.

"Kwani kuna nini, mama?"

"Nasikiliza," nikamwambia.

Akanyamaza, mpaka tukafika.